Alama A, B, C: jinsi Leta ilivyozipima kampuni za kigeni hapa Katanga



Kuna habari inayozunguka siku hizi kati ya watu wa biashara: huko China serikali inazipa kampuni alama za uaminifu. Mpango huo ulitangazwa mwaka 2014. Kila kampuni, hata ya mgeni, ina namba moja ya tarakimu na herufi 18. Chini ya namba hiyo zinakusanywa habari zake za kodi, faini, kesi za mahakamani na makosa ya mazingira. Inayokosa vibaya inaandikwa katika orodha ya wasioaminika, na hapo tenda za serikali inazisikia kwa jirani tu. Wenye kampuni za kigeni wanaulizana: tujitayarishe namna gani?

Wengine hapa watasema hayo ni mambo ya mbali. Lakini kampuni nyingi zinazochimba na kuyeyusha shaba kati ya Likasi na Kolwezi ni za Wachina, kwa hiyo zinapimwa kule kwao na zinapimwa huku kwetu. Tena Leta yetu ilizipa kampuni za kigeni alama kabla mpango wa China haujatangazwa. Ilifanya hivyo mwaka 2008, kwa herufi tatu: A, B na C. Tufuate historia hiyo toka mwanzo, kwa sababu anayetaka kujitayarisha atapata somo zuri hapa Katanga, na sisi wakaaji tuna letu la kujifunza pia.

Union Minière: mpimaji na mpimwa ni mmoja

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kwa miaka sitini hakuna aliyeipa alama. Ilijenga viwanda vya Panda na Shituru, kambi za wafanyakazi, hospitali na shule. Umeme wake ulitoka hapa kwetu, katika mto Lufira: bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, kisha kituo cha Koni mwaka 1950. Umeme huo ulijengwa kwa ajili ya viwanda kwanza. Wazee waliiita kampuni baba na mama, kwa kuwa ndiyo iliyotoa posho, nyumba na dawa.

Lakini baba huyo aliandika daftari peke yake. Desemba 1941 wafanyakazi wa Likasi, wakati ule Jadotville, na wa Lubumbashi waligoma kwa ajili ya mshahara. Askari waliwapiga risasi, watu wakafa. Hakuna ofisi iliyoiandikia kampuni alama mbaya kwa damu hiyo. Na mema yake nayo hayakuandikwa popote kama ahadi ambayo mkaaji angeweza kuidai, wala kama sifa ambayo kampuni ingeweza kuionyesha.

Mwaka 1966 hesabu ilifika kwa ghafula. Mwezi wa Juni sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi na haki za chini ya ardhi mikononi mwa Leta. Mwishoni mwa mwaka Mobutu alidai makao makuu ya kampuni yatoke Brussels yaje Kinshasa. Kampuni ilikataa. Januari 1967 mali yake ikachukuliwa, Gécomin ikazaliwa, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Union Minière ilikuwa na mafundi, fedha na marafiki wakubwa, lakini haikuwa na shahidi katika nchi. Kilichoiokoa kwa nusu ni kwamba Leta ilihitaji ujuzi: kampuni ndugu yake, Société Générale des Minerais, ilipewa mkataba wa kusaidia kuendesha kazi na kuuza madini.

Mwaka 2008: herufi tatu

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Kufika mwaka 2003 ilikuwa imeanguka kabisa, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Likasi inakumbuka hiari ile ilikuwa ya namna gani. Sheria ya Migodi ya tarehe 11 Julai 2002 ilikuwa imefungua mlango, na wageni waliingia wengi. Mikataba mingi ilitiwa sahihi wakati wa vita na wa serikali ya mpito, mara nyingi ndani ya ofisi zilizofungwa.

Mwaka 2007 serikali mpya iliunda tume ya kuipitia mikataba hiyo upya. Ripoti yake ilitolewa Machi 2008, chini ya Waziri wa Migodi Martin Kabwelulu. Mikataba 61 ilipimwa. A ilikuwa na maana kwamba mkataba ni mzuri, uendelee. B, urekebishwe. C, uvunjwe. Matokeo: A hakuna hata mmoja, B ikapata 39, C ikapata 22.

Tuangalie kampuni mbili. Ya kwanza ni Tenke Fungurume, iliyokuwa ikiongozwa na Freeport ya Marekani. Ilitakiwa irekebishe mkataba wake. Haikusimamisha kazi, mwaka 2009 ilianza kutoa shaba huku mazungumzo yakiendelea. Mwaka 2010 walipatana: sehemu ya Gécamines ikapanda toka asilimia 17.5 hadi 20, pamoja na malipo mengine. Mgodi ukabaki.

Ya pili ni First Quantum ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa KMT wa kusafisha mabaki ya madini huko Kolwezi. Mwaka 2009 Leta ilivunja mkataba huo, na mamia ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Mwaka 2010 kampuni ilipoteza pia mgodi wa Frontier huko Sakania. Ilikwenda kushitaki mbele ya mahakama ya usuluhishi ya Paris. Mali ya KMT ilipita mikononi mwa wengine, ikafika kwa kampuni ya ENRC. Januari 2012 ENRC ilikubali kulipa First Quantum dola bilioni 1.25 kumaliza ugomvi wote.

Wenye hisa walipata fedha zao. Mfanyakazi wa Kolwezi na wa Sakania hakukaa kwenye meza ile. Alama mbaya iliandikwa juu ya jina la kampuni, njaa ikaingia katika nyumba ya mkaaji.

Kasoro ya upimaji ule ilikuwa hapo: hakukuwa na njia iliyoandikwa ya kurekebisha alama. Katika mpango wa China, kampuni iliyolipa faini na kutengeneza kosa inaweza kuomba jina lake liondolewe katika orodha. Kwetu njia ilikuwa mazungumzo na wakubwa, na anayepatana na mkubwa leo hajui kesho atakaa nani kwenye kiti kile.

Mwaka 2018: alama inaingia katika sheria

Sheria ya tarehe 9 Machi 2018 ilibadilisha ile ya 2002. Bunge lilikuwa limeipitisha tangu Januari. Wakubwa wa kampuni kubwa, wakiwemo Ivan Glasenberg wa Glencore, Mark Bristow wa Randgold na Robert Friedland wa Ivanhoe, walikwenda Kinshasa kuonana na Rais Kabila tarehe 7 Machi. Walizungumza kwa masaa mengi. Siku mbili baadaye sheria ilitiwa sahihi. Kampuni zilitegemea kifungu cha zamani kilichoahidi miaka kumi bila mabadiliko. Kifungu hicho hakikuzilinda. Ushuru wa madini ya shaba ukawa asilimia 3.5, kobalti, iliyolipa 2 tu, ikatangazwa kuwa madini ya pekee na kulipa 10.

Kwetu wakaaji sheria hiyo ina mambo matatu ya kushika kichwani.

Kwanza, ushuru huo wa madini unagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mtaa au usultani ambamo mgodi upo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo.

Pili, kila kampuni inayochimba inatoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayoguswa na mgodi. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii.

Tatu, kampuni inatia sahihi pamoja na jamii daftari la majukumu, lile ambalo ofisini wanaliita cahier des charges: shule gani, kisima gani, barabara gani, na kwa tarehe gani. Kutokutimiza majukumu hayo si kosa la adabu tu. Linaweza kufikisha kampuni kupoteza haki ya kuchimba.

Kwa hiyo kuanzia mwaka 2018 kampuni haipimwi Kinshasa tu. Kijiji nacho kina kalamu. Na mwaka 2025 jambo hilo lilizidi uzito: Leta ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje toka mwezi wa Februari, kisha toka Oktoba ikaanza kugawa kiasi kwa kila kampuni. Anayekosa kodi au kuharibu mazingira anaweza kunyang'anywa sehemu yake. Hiyo ni alama, hata kama haiitwi hivyo.

Kampuni ijitayarishe namna gani?

Historia hii inatoa mashauri manne.

La kwanza: kila jema liwe na karatasi. Mfano uko hapa jirani. Mwaka 2014 mradi wa Kamoa wa kampuni ya Ivanhoe ulipatana na SNEL kutengeneza upya Mwadingusha, Koni na Nzilo: kampuni inakopesha fedha, SNEL inarudisha kwa kupunguza bili ya umeme. Mwadingusha ilirudi kufanya kazi mwaka 2021 kwa megawati 78. Ule ni mkataba, si zawadi. Kila upande unajua anachodai na anachodaiwa.

La pili: lipa katika sanduku linalostahili, na utunze risiti. Fedha iliyopita mkononi mwa mkubwa haiwezi kukutetea siku tume inapokaa.

La tatu: jua unafanya kazi na nani. Sheria ya Februari 2017 inataka kazi ndogo zinazotolewa nje zipewe kampuni ambazo hisa nyingi ni za Wakongomani. Jina la kukodisha likigunduliwa, alama inaanguka juu ya kampuni kubwa.

La nne: usingoje siku ya mtihani. Wakubwa wa 2018 walifika Kinshasa sheria ikiwa tayari mezani. Tenke ilikaa mezani na kazi ikiendelea, ikapoteza asilimia mbili na nusu, ikabaki na mgodi.

Na sisi je?

Kampuni inapojitayarisha na Leta inapojitayarisha, mkaaji asibaki mtazamaji. Daftari la majukumu lililofungwa katika kabati ya ofisi ya Likasi halimsaidii mtu wa kijijini. Chifu awe na nakala, shule iwe na nakala, kanisa liwe na nakala. Isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu, maana imeandikwa kwa Kifaransa na mama anayengoja kisima hasomi Kifaransa cha sheria. Kila mwaka tuandike: hili limefanyika, hili bado, hili limefanyika vibaya. Ripoti hiyo ipelekwe kwa kampuni yenyewe kwanza ili itengeneze, halafu kwa wasimamizi wa migodi.

Kampuni yenye akili itaifurahia ripoti ya namna hiyo. Siku tume nyingine itakapokuja na herufi zake, na katika nchi hii tume hazikosi kuja, kijiji kinaweza kuwa shahidi wake. Na kampuni isiyotimiza itakuta kosa lake limeandikwa kwa tarehe, na wale iliowaahidi ndio walioliandika.