Alama ya Superman Ilongero

Kabla sijaingia kwenye historia naomba kwanza nikiri kosa. Mwaka 1996, nikiwa darasa la saba kule Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, nilimchora rafiki yangu alama begani. Sikumchora kwa kalamu ya kufutika na maji. Nilimchora kwa sindano, na alama ile ipo mpaka leo.

Mimi ndiye niliyekuwa mchoraji wa darasa. Ukitaka ramani ya Afrika, unakuja kwangu. Ukitaka barua ya binti ipambwe maua pembeni, unakuja kwangu na andazi lako mkononi. Rafiki yangu alikuja na fulana. Ilikuwa ya mitumba, rangi imeshapauka, na kifuani ina umbo kama la almasi lenye herufi S ndani. Akasema, "Mshikaji, nataka hii. Isitoke."

Tulifunga sindano tatu kwa uzi kwenye njiti ya kiberiti. Tukakwangua masizi ya kibatari, tukayakoroga kwa maji kidogo. Ili mchoro uwe sawasawa nikauchora kwanza kwenye karatasi kwa wino wa kalamu, nikamlowesha bega, nikabandika karatasi na kuikandamiza. Mchoro ukahamia kwenye ngozi vizuri kabisa. Nikaanza kudonoa. Jamaa alikuwa anauma kola ya shati, machozi yanamtoka, lakini hakusema neno.

Tulipomaliza tukapangusa damu, tukaangalia. Nadhani umeshajua kilichotokea. Karatasi ukiibandika, mchoro unageuka kama kwenye kioo. Ile almasi ilikuwa sawa, maana kulia na kushoto kwake ni mamoja. Lakini S ilikuwa imegeuka na kuwa 2.

Toka siku hiyo jina lake likawa Mbili.

TULIANZA ZAMANI

Watu wengi hudhani kuchora mwili ni ugonjwa wa vijana wa mjini, umeletwa na video. Si kweli. Kiswahili chenyewe kinatusuta. Tunayo maneno chale, tojo na nembo. Neno nembo, ambalo leo tunalitumia kwa alama ya taifa na ya makampuni, wazee walilitumia pia kwa alama za kabila zilizochanjwa mwilini. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanja nyuso zao kwa mistari na pembe, wakasugua unga wa mkaa kwenye jeraha ili alama ibaki nyeusi, na wao huziita alama hizo dinembo. Hata chanjo tunayopelekewa watoto kliniki inatokana na kuchanja kulekule.

Sisi wa Ilongero hatukuhitaji kwenda Umakonde kuona. Siku ya mnada walikuja akina mama wa Kibarabaig, ambao wengine huwaita Wamang'ati, wamevaa ngozi na shanga, na wamezungushiwa vidoti vya chale machoni kama miwani. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza bibi kwa nini wamejikata vile. Bibi akasema, "Hawakujikata. Wamevaa kwao usoni, asije mtu akawapoteza."

Bibi mwenyewe alikuwa na chale ndogondogo kifuani na kwenye viwiko, za dawa. Kwa hiyo alama zilikuwa na kazi mbili kubwa. Moja ni kusema wewe ni wa nani. Ya pili ni kukukinga. Shika hayo mawili, tutayahitaji mbele.

Duniani nako ni hivyohivyo. Maiti ya mtu wa kale iliyopatikana kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ambayo ina umri wa zaidi ya miaka 5,000, ina michoro 61 mwilini, mingi ikiwa ni mistari tu, na baadhi ya wataalamu wanahisi ilikuwa ya tiba. Neno tatoo limetoka visiwa vya Polinesia, kwenye neno tatau, nalo liliingia Ulaya baada ya safari za nahodha James Cook miaka ya 1760 na 1770. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York akapata hataza ya mashine ya umeme ya kuchorea. Basi kazi ikawa ya haraka zaidi.

KATUNI NA NGOZI

Sasa katuni zinaingiaje? Zinaingia kupitia baharia. Mwaka 1929 Mmarekani Elzie Segar alimtoa gazetini Popeye, baharia mwenye kiko mdomoni na mikono iliyovimba, na kwenye kila mkono kuna nanga. Nanga haikuwa pambo tu. Kwa mabaharia ilikuwa alama ya kazi yao, na ya tumaini kwamba chombo kitatulia. Kwa hiyo mmoja wa wahusika wa katuni wanaojulikana sana duniani alizaliwa akiwa tayari amechorwa tatoo.

Mwaka 1936 akaja Phantom wa Lee Falk, anayekaa msituni, na ngumi yake huacha chapa ya fuvu kwenye shavu la adui kutokana na pete yake. Hapo chapa ni adhabu. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster wakamtoa Superman. Batman akafuata mwaka 1939, na Spider-Man mwaka 1962. Ukiwatazama hao watatu wa mwisho utagundua jambo ambalo mchoraji analiona haraka: kila mmoja ana nembo kifuani. S, popo, buibui. Ni michoro ya mstari mnene, rangi chache, hakuna vivuli vingi. Mchoro wa namna hiyo ndio unaofaa ngozi, kwa sababu wino ukikaa miaka chini ya ngozi hutanuka kidogo, na mistari myembamba huishia kuwa doa. Waliobuni nembo hizo walitaka zichapike vizuri kwenye karatasi ya bei rahisi, kumbe walikuwa wanawarahisishia kazi wachora tatoo pia.

Na maana? Hapa ndipo patamu. Ile S mwanzoni ilikuwa herufi ya jina lake tu, imewekwa ndani ya umbo kama beji ya askari. Filamu ya mwaka 1978 ikaifanya nembo ya ukoo wake wa huko alikotoka. Filamu ya mwaka 2013 ikasema kwa lugha ya kwao maana yake ni tumaini. Mchoro ni uleule, maana tatu. Alama haizaliwi na maana yake. Hupewa na wanaoibeba.

ALIFIKAJE ILONGERO?

Nitasema ukweli mtupu. Kule kwetu mwaka 1996 hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusoma ukurasa mmoja wa Superman. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, Dar es Salaam, wakati Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 1970. Sisi umeme wenyewe tulikuwa tunausikia Singida mjini.

Superman alifika kwenye robota la mitumba. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, nguo za Ulaya na Marekani zikamwagika mpaka kwenye minada ya vijijini, na fulana zikaja na hao watu vifuani. Tuliwajua kwa sura, bila hadithi. Kwa hiyo hadithi tulizitunga wenyewe. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba S ni Singida. Tukabishana wiki nzima.

Si kwamba hatukuwa na katuni. Tulikuwa nazo, tena nzuri. Kenya kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau toka miaka ya 1950. Kwetu Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, akapendwa mpaka watu wengine wakawa wanaita katuni yoyote chakubanga. Miaka ya 1980 likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake limeunganishwa na ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo tulimopata akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Mmoja wa wachoraji wake mahiri, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, lakini wahusika wa gazeti lile waliendelea kuishi. Nakala moja ya Sani ilikuja kwetu na dereva wa lori, ikasomwa na kijiji kizima mpaka ikabaki nyuzi.

Mbona basi hakuna aliyeniambia nimchoree Lodi Lofa begani?

Nimelifikiria swali hili miaka mingi. Jibu rahisi ni kwamba wahusika wetu ni vichekesho, na mtu hajichori kichekesho. Lakini jibu hilo halisimami. Popeye naye ni kichekesho, jicho moja limefumba, maneno yanamtoka upande, na watu wamejichora sura yake. Tofauti ni kwamba Popeye hupigwa, halafu anakula mchicha wake, halafu anashinda. Lodi Lofa anaanguka, na sisi tunacheka kwa sababu tunamjua, yuko jirani, pengine ni sisi wenyewe. Katuni zetu zilikuwa kioo. Kioo ni kitu cha maana sana, ila mtoto wa miaka 14 hatafuti kioo cha kubandika begani. Anatafuta hirizi.

Bibi aliliona hilo kabla yangu. Mbili alipokuja nyumbani na bega limevimba, bibi alilishika, akalitazama, akauliza, "Mjukuu wangu, hii ni dawa ya nini?"

"Bibi, ni Superman."

"Ni mganga wa wapi huyo?"

Tulicheka sana. Leo naona aliyepaswa kuchekwa ni sisi. Alama za dawa alizijua, na alikuwa anauliza swali sahihi: inakukinga na nini? Mbili baba yake alikuwa mtu wa fimbo. Hakuwahi kulisema hilo, na mimi sikuwahi kumwuliza kwa nini alitaka kitu kisichotoka.

GHARAMA YA ALAMA

Serikali na mwili wa raia wana historia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kujipaka ngeu, na Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1, 1969. Leo masharti ya ajira ya baadhi ya vyombo vya ulinzi na usalama yanataka mwombaji asiwe na tatoo.

Mbili alikuwa mkimbiaji. Alimaliza kidato cha nne, akaenda kwenye usaili mahali fulani, jina nalihifadhi. Mbio alishinda. Maswali alijibu. Wakaambiwa wavue mashati.

"Hiyo mbili ni ya genge gani?"

Aliporudi hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu. Aliacha tu kuvaa mikono mifupi, hata mwezi wa kumi, jua la Singida linapopasua mawe.

Na tulikuwa na bahati kuliko tulivyojua. Sindano zilezile tatu tuliwachomea wengine wawili juma lilelile. Ukimwi ulikuwa umesharipotiwa nchini toka mwaka 1983, mabango ya wembe yalikuwepo kwenye ukuta wa zahanati, na sisi tulikuwa tunayasoma kwa sauti kama mashairi bila kuyahusisha na masizi yetu. Homa ya ini nayo hupita njia hiyohiyo. Hatukuugua. Lakini bahati si akili, vijana wenzangu. Atakayetaka kuchorwa leo aende kwa fundi anayefungua sindano mpya mbele ya macho yake.

MBILI WA PILI

Nilikwenda Ilongero miaka michache iliyopita. Mbili siku hizi ana mashine ya kukamua alizeti. Nilimkuta amevua shati, amelowa mafuta na jasho, na ile alama imefifia kuwa ya buluu, kingo zimetanuka. Kumbe wino haukai tu pale kama rangi ukutani. Seli za kinga ya mwili humeza chembe zake, zikashindwa kuzisaga, zikabaki zimezishikilia. Mwili haujakubali mpaka leo. Unashindana na masizi ya kibatari ya mwaka 1996.

Nikamwambia ninachotaka kumwambia siku zote, kwamba naomba radhi. Akanyamaza, akafunga mfuniko wa ndoo ya mafuta. Halafu akaniambia, "Njoo nikuonyeshe." Akanipeleka kwenye mlango wa mashine. Mwanawe, wa darasa la tano, alikuwa amechora almasi kwa rangi nyekundu, na ndani yake 2 kubwa. Wateja wanapeleka alizeti "kwa Mbili". Madumu yake yote yana alama hiyo, yasipotee.

"Mtoto aliniuliza maana yake," akasema. "Nikamwambia ni ya ukoo wetu."

Ndiyo hivyo. Superman alitoka Marekani, akapitia kwenye robota, akageuka kama kwenye kioo kwa uzembe wangu, akawa nembo kwa maana ileile ya zamani: alama ya kusema wewe ni wa nani, asije mtu akakupoteza. Bibi angekuwa hai ningemwambia nimepata jibu la swali lake, ila lilichelewa na lilimgharimu mwenzangu.

Wewe unayesoma gazeti hili na unatamani kuandika au kuchora, nina ombi moja. Tumeshajifunza kujicheka, na waliotufundisha walikuwa mafundi. Sasa tubuni na yule anayeanguka kama Lodi Lofa halafu akainuka, ili mtoto wa miaka 14 anayetafuta kinga asilazimike kuiazima kwenye fulana ya mtumba. Na kama unachora, kabla hujakandamiza karatasi kwenye ngozi ya mtu, ishike kwanza mbele ya kioo.