Kitenzi 'funga' hakitoshi kwenye waya za plagi

KISWAHILI kina plagi mbili. Ya kwanza huchomekwa ukutani ili pasi ipate moto. Ya pili hukazwa kwenye kichwa cha injini, nayo hutoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Zote mbili zimetokana na plug ya Kiingereza, neno lenye asili ya Kiholanzi ambalo maana yake ni kizibo.

Waingereza, basi, walikitazama kifaa hiki wakaona kinachoziba tundu. Wengine waliona moto. Mfaransa hukiita bougie, yaani mshumaa, jina lililotokana na mji wa Bougie, leo Béjaïa, huko Algeria, uliokuwa ukiuza nta Ulaya. Mjerumani husema Zündkerze, mshumaa wa kuwashia. Mwitaliano ana candela. Hata Kiarabu hutumia shamʿa, neno lile lile lililotupa sisi mshumaa! Lakini gari lilitufikia kwa Kiingereza, tukarithi kizibo.

Historia ya kifaa chenyewe inahitaji mistari michache tu. Mnamo 1902, katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, mhandisi Gottlob Honold alitengeneza magneto ya umeme wa nguvu nyingi iliyofanya kazi pamoja na plagi. Baadaye betri, koili na distributa vilichukua nafasi ya magneto katika magari mengi. Tangu hapo kukawa na tatizo la kudumu: umeme wa maelfu ya volti lazima usafiri kwa waya hadi kwenye kila plagi, na safari hiyo ina viungo viwili, kwenye distributa na kwenye plagi. Kiungo kikilegea, umeme huruka pengo, huunguza ncha za waya, na injini huanza kukohoa. Gari inamisi, kama wasemavyo mafundi wetu.

Vitabu vya magari husema waya ‘zifungwe imara’. Hapo ndipo ninapogombana na watafsiri. Kitenzi funga ni cha kamba, mlango na mzigo. Fundi hafungi waya ya plagi. Anachofanya hutegemea kifuniko kilicho mbele yake.

Chukua Morris Minor, gari la Uingereza lililoanza kuundwa 1948 na ambalo wazee wengi hapa Kenya wanalikumbuka. Mengi yake ya miaka ya 1950 yalikuwa na distributa ya Lucas ambayo waya huingilia ubavuni mwa kifuniko. Ndani ya kifuniko mna skrubu zenye ncha kali. Skrubu ikikazwa hutoboa ganda la mpira na kuingia katikati ya nyuzi za shaba. Kwa hiyo waya haichunwi ganda. Huchomekwa nzima, kisha hutobolewa. Vifuniko vya baadaye havina skrubu hizo: waya huvishwa kichwa cha shaba, nacho husukumwa kwenye tundu hadi kibane.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Waya nyingi za kisasa zina kiini cha kaboni badala ya shaba, kilichobuniwa ili kupunguza mikwaruzo redioni. Ukiitia waya ya namna hiyo kwenye kifuniko cha skrubu, ile ncha hukikata kiini badala ya kukishika. Mwenye gari atabadilisha plagi, atabadilisha koili, atamlaumu fundi, na kumbe kosa liko kwenye ‘funga’ moja ya mtafsiri.

Vijana wa jua kali hujifunza kazi hii kwa Kiswahili, mdomo kwa mdomo, ilhali vitabu vyake karibu vyote ni vya Kiingereza. Magari mapya mengi nayo yameweka koili juu ya kila plagi, hivyo waya hazipo tena, na wanaojua kuchomeka na kukaza ni mafundi wenye mvi.

Kwa kifuniko cha Lucas cha skrubu, mimi ningeandika hivi: Tumia waya yenye kiini cha shaba. Vua kifuniko, legeza skrubu iliyo ndani. Kata ncha ya waya iwe sawa, bila kuichuna. Ichomeke mpaka igote, kisha kaza skrubu itoboe. Ivute kidogo, ikichomoka, rudia. Panga waya kinyume cha saa kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2.