Kusaga Meno Usiku: Tulikotoka na Tulipofika

(Muziki wa kufungua. Unapungua taratibu.)

Popote ulipo, Kipsongo, Kitale mjini, Kimilili, Webuye au Bungoma, sogeza kiti karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya sauti ambayo wengi wetu tunaijua lakini hatuizungumzii. Ni sauti ya mtoto, au hata mtu mzima, anayesaga meno usingizini.

Katika nyumba ya chumba kimoja, sauti hiyo haina pa kujificha. Taa imezimwa, watoto wamelala pamoja, halafu unasikia krr, krr, krr, kama jiwe juu ya jiwe. Mama anaamka. Anamgeuza mtoto ubavu. Sauti inanyamaza kidogo, kisha inarudi. Asubuhi majirani wanaleta ushauri wa kila aina. Mmoja anasema ni minyoo. Mwingine anasema ni pepo mbaya. Wa tatu anajua mtu wa kung'oa meno. Ndiyo maana leo nataka tutazame historia ya jambo hili, kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa una umri mkubwa kuliko sisi, na baadhi yake unaweza kumuumiza mtoto.

Tuanze na neno lenyewe. Nyanya zetu walisaga mtama na wimbi kwa jiwe la mkono. Kiswahili kilichukua kitenzi hicho hicho, kusaga, kikakipeleka kinywani. Wanaosoma Biblia wanajua maneno "kilio na kusaga meno", maana yake uchungu mkubwa. Basi tangu zamani tumezoea kudhani kwamba anayesaga meno ana mateso au ana hasira. Ndiyo sababu sauti hii hututisha hata pale mtoto anapoota tu ndoto zake.

Sasa twende Turkana, kwa sababu familia nyingi za Kipsongo zina mizizi huko. Wazee wao walihama wakikimbia ukame na uvamizi wa mifugo, wakaja kutafuta riziki Kitale. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, aliona kipande kidogo cha mfupa juu ya mawe. Walipochimba, wakapata karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Wataalamu walitumia meno yake kukisia umri wake. Tena waliona kwenye taya lake dalili za ugonjwa, mahali lilipokuwa jino la utoto. Unaona, mama? Mwili wote huoza, lakini jino hubaki likisimulia. Jino ni gumu kuliko mfupa. Hata hivyo lina udhaifu mmoja: ganda lake la juu likishasagika, halioti tena. Mfupa uliovunjika huunga. Jino lililokwisha halirudi.

Wazee wetu pia walikuwa na historia yao ya meno. Waturkana wa zamani, pamoja na Wapokot, Wamaasai, Waluo na baadhi ya Waluhya, waling'oa meno ya mbele ya chini. Wengine mawili, wengine hadi sita. Ilikuwa alama ya kabila na ya kukua. Lakini wazee wengi walitoa sababu nyingine: ugonjwa wa pepopunda ukimshika mtu, taya hufungana kabisa. Pengo lile lilikuwa mlango wa kumpitishia maziwa au uji. Tusiwacheke. Hawakuwa na chanjo. Walikuwa wanajaribu kuokoa maisha kwa kile walichokuwa nacho.

Leo chanjo ya pepopunda ipo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, na mama mjamzito huchanjwa kliniki. Kwa hiyo sababu ile ya pengo imekwisha. Na tuelewane hapa: kusaga meno usiku si pepopunda. Anayesaga meno huamka asubuhi akafungua kinywa, akanywa chai, akaenda shule. Lakini ukiona mtoto ambaye taya limekaza mchana na halifunguki, au mtoto mchanga aliyeshindwa kunyonya na mwili unakakamaa, hiyo ni dharura. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo.

(Muziki kidogo.)

Iko mila nyingine ambayo lazima niitaje, kwa sababu haijaisha. Ni ile ya kuchimba ufizi wa mtoto mchanga. Mtoto anaharisha, ana homa, analia, na ufizi wake una uvimbe mweupe mahali ambapo chonge litaota. Mtu anasema hayo ni meno mabaya, yatolewe. Uganda huitwa ebino, na Tanzania wengine huyaita meno ya plastiki. Mwaka 1969 daktari wa meno kutoka Denmark, jina lake Pindborg, aliandika kuhusu mila hiyo Uganda. Mwaka 1995 wataalamu wa hapa Kenya waliandika kuhusu watoto wa Kimaasai wa Kajiado, na walikuta wengi wameondolewa chonge za utoto zikiwa bado ndani ya ufizi.

Mama, ule uvimbe mweupe si mdudu na si plastiki. Ni jino la mtoto wako linalojiandaa kutoka. Likichimbwa kwa msumari, kisu au spoku ya baiskeli, mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda au viini vingine kwenye damu, na jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika. Na kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya hospitali, yaani ORS, zinki, kunyonya zaidi, na kliniki. Basi asije mtu akakwambia mtoto wako anasaga meno kwa sababu ana meno mabaya. Usikubali chombo chochote kiguse ufizi wake.

Na minyoo je? Hii ndiyo imani kubwa zaidi kwetu. Upande wetu huu wa magharibi minyoo ilikuwa mingi kweli. Mwaka 1998 mradi maarufu wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za Busia, jirani na Bungoma, na watoto waliotibiwa walikosa shule mara chache zaidi. Mwaka 2009 serikali ilianza kugawa dawa hizo shuleni katika sehemu nyingi za nchi. Hiyo ni kazi njema. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apewe dawa ya minyoo kila miezi 6. Lakini ampewe kwa sababu minyoo hunyonya chakula chake na kumletea upungufu wa damu. Usimpe kila wiki ukidhani utanyamazisha meno. Watoto wengi waliokwisha kunywa dawa huendelea kusaga, na wengi wenye minyoo hawasagi kabisa.

Basi sababu ni nini? Madaktari wenyewe walihangaika muda mrefu. Mwaka 1901, huko Vienna, daktari Karolyi aliandika kwamba kusaga meno usiku huharibu kinywa. Mwaka 1907, Ufaransa, Marie na Pietkiewicz walilipa tatizo hili jina la kitaalamu, na walilitazama kama jambo la wagonjwa wa ubongo. Baadaye wengine walilaumu meno yasiyokaa sawasawa, wakayachonga meno ya watu bila faida kubwa. Leo tunajua kwamba jambo hili huanzia kwenye usingizi. Ubongo unapoamka nusu kwa muda mfupi, misuli ya taya hukaza. Wasiwasi huongeza. Pombe, sigara, kahawa nyingi na baadhi ya dawa huongeza pia. Kwa mtoto, pua iliyoziba na kukoroma vinaweza kuandamana nalo. Tena huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Si laana, na si kosa la mama.

Sasa tuje kwenye kinga. Mwaka 1890, London, daktari wa meno Woolf Krause alitengeneza kipande cha utomvu mgumu cha kukinga meno na midomo ya mabondia. Ndicho babu wa kile tulichokiona kwa mabondia wetu, enzi za Robert Wangila aliyeleta medali ya dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988. Lakini kinga ya bondia ni ya kupokea ngumi. Ni laini na nene, na si ya kulala nayo. Kinga ya usiku ni nyingine. Daktari huchukua alama ya meno yako kwa kitu laini kama unga uliokandwa, fundi hutengeneza mfano wa plasta, kisha juu yake huunda kifuniko chembamba na kigumu kinachokaa kwenye meno ya juu au ya chini. Usiku unaposaga, unasaga kifuniko badala ya jino. Hakiondoi tabia ya kusaga, mama. Kinapokea hasara tu, kama kiatu kinavyopokea miiba.

Nani anakihitaji? Kwanza, mtu mzima. Jichunguze, maana tunasikiliza watoto tukajisahau. Je, unaamka taya limechoka? Kichwa kinauma pembeni asubuhi? Magego yamekuwa bapa, meno yanauma ukinywa maji baridi, au jino limepasuka bila sababu? Mama anayelala akiwaza kodi, karo na unga wa kesho anaweza kusaga meno miaka mingi bila kujua. Nenda kitengo cha meno cha hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, uulize. Kama hawatengenezi hapo, watakuelekeza. Zamani hata madaktari wa meno tuliwasomesha ng'ambo, lakini tangu mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kinawafundisha hapa nyumbani. Uliza bei kabla ya kuanza. Na kama huwezi sasa, mwambie daktari wazi, ili akuonyeshe jino lipi liokolewe kwanza.

Mtoto mdogo kwa kawaida hahitaji kinga hii. Taya lake linakua, meno yanang'oka na mengine yanaota, kwa hiyo kifuniko kingembana. Watoto wengi huacha wenyewe wanapokaribia ujana. Mpeleke kwa daktari kama meno yamesagika sana, analalamika maumivu, au anakoroma na kuhema kwa shida usiku. Na kama kuna ugomvi nyumbani, au ameanza shule mpya, keti naye jioni umsikilize.

Kabla sijaaga, tukumbuke haya:

Kusaga meno usiku si pepo, na mara nyingi si minyoo.

Usiruhusu mtu achimbe ufizi wa mtoto.

Dawa ya minyoo ni kila miezi 6, na chanjo kwa wakati wake.

Saa moja kabla ya kulala, punguza kelele. Mtu mzima aache kahawa na chai kali jioni.

Ukiwa na kinga ya meno, ioshe kila asubuhi kwa mswaki na maji baridi. Maji moto huipinda. Iweke kwenye kijisanduku chenye matundu, mbali na watoto na panya.

Usichemshe plastiki nyumbani ukajitengenezea. Inaweza kukukaba usingizini.

Wazee wetu walitoa meno ili kuokoa uhai. Sisi tumepata njia ya kuokoa uhai na meno pia. Usiku wa leo ukisikia krr, krr, usiogope. Mgeuze mtoto taratibu, mfunike, ulale. Asubuhi mwangalie meno yake kwenye mwanga wa jua.

Mwambie na jirani.

(Muziki wa kufunga.)