Sigara Moja ya Stendi ya Masasi

Nikiwa njiani kwenda Newala, nilimwona katika stendi ya Masasi mtoto mwenye sare za shule akinunua sigara moja, akampelekea dereva aliyemtuma. Hakuna aliyeshtuka. Nami, mwalimu wa chuo kikuu, nilinyamaza.

Hata hivyo, Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto wa chini ya miaka 18. Ilikwama wapi?

Tumbaku yenyewe si ngeni kwa Wamakonde. Wazee walinusa ugoro, na wachongaji waliuchongea vikopo vya mti ambavyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya. Sigara ya kiwandani ina historia nyingine. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikataifishwa mwaka 1975, kisha mwaka 1995 kikabinafsishwa kwa wawekezaji wa kigeni. Kwa miaka 20, basi, dola iliyomwajiri bwana afya ndiyo iliyomiliki kiwanda cha sigara. Hata baada ya kukiuza, ilibaki na kodi yake, na wakulima wa Tabora wakabaki wakiitegemea tumbaku. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, lakini mkono unaozuia moshi ni uleule unaopokea ushuru wake.

Hoja ya wakulima ni nzito kule Tabora. Masasi na Newala haina miguu: uchumi wa huku ni korosho. Halmashauri ikibana sigara, haimnyang'anyi mkulima wake hata debe moja.

Na uwezo inao. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo. Kifungu cha 16 cha mkataba huo kinazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, kwa kuwa ndio unaoifanya imfikie mtoto kwa urahisi. Pakiti nzima haimudu. Sigara moja anaimudu.

Ndugu watumishi wa halmashauri, hatuhitaji kusubiri Dodoma ituanzie. Madiwani waijadili sheria ndogo, bwana afya aisimamie, nasi wapita njia tuache kunyamaza. Anayetumwa sigara leo, kesho atajinunulia yake.