Manjano na Waganga wa Bara Hindi

Manjano tuyatiayo katika mchuzi ni matunguu ya mmea ulio ndugu wa tangawizi. Huchimbwa, huchemshwa, huanikwa juani, kisha husagwa. Kwetu ni kiungo. Lakini katika Bara Hindi ni dawa tangu kale. Kwa Kisanskriti huitwa haridra, na habari zake zimo katika vitabu vya Charaka na Sushruta, vilivyo msingi wa uganga uitwao Ayurveda. Waganga hao hunena kwamba manjano yana asili ya joto na ukavu. Huyapaka juu ya jeraha na ngozi iwashayo, tena huyachanganya na maji ya tunda liitwalo amla kwa magonjwa ya mkojo. Nyumbani, mama huyakoroga katika maziwa ya moto na kumnywesha mtoto mwenye kikohozi.

Basi mwaka 1995 serikali ya Marekani ilitoa hati kwa chuo kimoja cha Mississippi, kukipa haki ya peke yake juu ya kuponya majeraha kwa manjano, kana kwamba ni uvumbuzi mpya! Baraza la utafiti wa sayansi la India, chini ya R. A. Mashelkar, lilipinga mwaka 1996. Shauri halikuwa jepesi. Sheria ya Marekani ya siku zile haikupokea ushuhuda wa desturi ya nchi nyingine isipokuwa imepigwa chapa. Kina mama wasiohesabika walijua, wala ujuzi wao haukuwa hoja. Ndipo Baraza lilipokusanya maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, pamoja na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 hati ikafutwa. Tangu mwaka 2001 India imekuwa ikiziandika dawa zake za kale na kuzifasiri kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani, ili wakaguzi wa hati wazisome.

Walakini dawa kuwa ya kale hakuizuii kudhuru, hasa ikitumiwa kwa namna ambayo wazee hawakuijua. Nguvu ya manjano imo katika kitu kiitwacho kurkumini, ambacho huingia katika damu kwa shida. Mwaka 1998 wataalamu wa Bangalore walionyesha kwamba dawa iliyomo katika pilipili manga hukiingiza mara 20 zaidi. Siku hizi viwili hivyo hushindiliwa pamoja katika vidonge, na baadhi ya watu waliovimeza wameugua ini. Mwenye mawe katika kifuko cha nyongo, mwanamke mjamzito, na atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, wasiyatumie manjano kama dawa kabla ya kumwuliza daktari. Ya mchuzi hayana neno. Jeraha lenye kina nalo lipelekwe hospitali, kwa maana unga wa sokoni si safi.

Tena huenda usiwe manjano matupu. Huko Bangladesh, katika miaka ya 1980, mafuriko yaliloweka mavuno yakafifia rangi. Wafanya biashara wakayang'arisha kwa rangi ya njano yenye madini ya risasi, nayo risasi huharibu ubongo wa watoto. Desturi hiyo ilidumu hata mwaka 2019, watafiti walipoitangaza na serikali ikawatoza faini wenye kosa. Kufikia mwaka 2021 manjano yaliyopimwa masokoni hayakuonekana tena na rangi hiyo.