Uchungu wa Msesewe: Pombe, Wapikaji Wake na Ndimi za Wanywaji

Kilimanjaro humea mti uitwao msesewe, ambao Wachagga hubambua gome lake, wakalianika, wakalitwanga na kulichemsha, na wanalolitafuta humo kwa ajili ya pombe ni uchungu. Uchungu huo ndio uitiao mbege, pombe yao ya ndizi, adabu yake. Kwani ndizi mbivu zilizotokoswa kwa saa nyingi, zikaachwa siku kadhaa kuchacha na kisha kuchujwa zikawa nyangi, zina utamu ambao peke yake ungemkinaisha mnywaji kabla hajaimaliza kata ya kwanza, na ule uji wa kimea cha ulezi uitwao mso, utiwao katika nyangi karibu na siku ya kunywa, huongeza uzito na ukali, walakini hauukati utamu kama uukatavyo msesewe. Kukadiria gome hilo ndiyo elimu yenyewe. Likizidi, wanywaji huikunjia nyuso pombe nzima. Likipungua, husema wamepewa uji. Na siku hizi, katika vilabu vingi vya Rombo, Marangu na Machame, mwenye elimu hiyo aghalabu ni mwanamke, ambaye ulimi wake huihukumu mbege kabla ya ulimi wa mwanamume yeyote.

Nimeanza na gome hili kwa kuwa imeenea rai, na wengi huitamka kana kwamba ni maumbile, kwamba bia chungu ni ya wanaume na kileo kitamu ni cha wanawake. Mwenye kuisadiki rai hii na atazame kwanza ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, Buganda, ambako ndizi hizo hizo mbivu hukanyagwa kwa miguu, zikachanganywa na nyasi ili maji yatoke, kisha yakatiwa mtama na kuachwa yachache. Kazi hiyo, kwa ada ya huko na ya jirani zao Wahaya wa Bukoba, ni ya wanaume. Tunda ni moja, kileo ni jamaa moja, na jinsia ya mpikaji imegeuka kwa kuvuka maji tu. Basi maumbile yameingia wapi hapa?

Wazungu nao wana hikaya yao, na ni ndefu kuliko yetu kwa sababu waliiandika. Katika karne ya 12, mtawa wa Kijerumani Hildegard wa Bingen, mwanamke aliyeandika juu ya mimea na tiba, alieleza kwamba hopi, ua lile chungu litiwalo katika bia, huzuia vinywaji visiharibike upesi, ingawa alilishutumu kwa kumtia mtu huzuni. Miaka mia nne baadaye Katharina von Bora, mke wa Martin Luther, alikuwa akipika bia nyumbani kwao Wittenberg, na mumewe akiisifu. Jambo ambalo, nadhani, lingewafaa kulikumbuka wale waumini wa Kilutheri wa Moshi waionao mbege kuwa ni kazi ya shetani.

Uingereza ndiko mambo yalikopinduka waziwazi. Kwa dahari nyingi wanawake wa huko walipika majumbani pombe ya shayiri isiyo na hopi, tamu kiasi, iliyoharibika baada ya siku chache, na kwa sababu hiyo iliyouzwa pale pale kijijini kwa majirani. Mnamo mwaka 1400 hivi ilianza kuingia kutoka Uholanzi na Flanders bia yenye hopi, ambayo ilidumu majuma mengi na ikasafirika kwa mashua na magari ya farasi. Kitu kinachodumu na kusafirika hutaka vyombo vikubwa, maghala, mtaji na mikopo. Na sheria ya Kiingereza ya zama hizo haikumruhusu mke wa mtu kufunga mkataba kwa jina lake mwenyewe. Kufikia karne ya 17 biashara ile ilikuwa imekwisha kuhamia mikononi mwa wanaume, na uchungu ukahama nayo. Hakuna aliyepima ndimi. Waliopimwa ni wenye mali na wasio nayo.

Mpikaji alipokwisha kuondolewa jikoni, haikuwa shida kumwondoa mezani. El Vino, nyumba ya mvinyo ya Fleet Street mjini London walikokutana waandishi wa magazeti na mawakili, haikukubali kumhudumia mwanamke aliyesimama kaunta mpaka mahakama ya rufani ilipoilazimisha, na huo ulikuwa mwaka 1982, si zama za Hildegard. Na aliyezuiwa kaunta alitengenezewa kinywaji chake mbali na kaunta: katika miaka ya 1950 ukoo wa Showering wa Somerset ulitoa Babycham, kileo cha mapeasi kitokacho povu, katika chupa ndogo yenye picha ya paa, kikauzwa dhahiri kwa wanawake na kutangazwa katika televisheni mwaka 1957. Kilipata soko kubwa mno. Aliyekunywa akazoea, na kilichozoewa kikaitwa tabia ya wanawake.

Afrika ilifundishwa somo hilo kwa mkono mzito zaidi. Sheria ya Natal, huko Afrika Kusini, ya mwaka 1908 iliyapa mabaraza ya miji haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika. Durban ikajenga kumbi za pombe kwa vibarua wanaume, ikawakamata wanawake waliopika majumbani, na faida ikaingia katika hazina ya kuwatawala Waafrika wale wale. Nairobi ikaufuata mfano huo katika miaka ya 1920. Wanawake wa Cato Manor, Durban, hawakunyamaza: mwezi Juni 1959, baada ya polisi kumwaga pombe zao, waliziendea kumbi zile kwa fimbo, wakawatoa wanaume waliokuwamo. Na bia ya chupa ilipofunguliwa kwa Mwafrika, aliyeinunua kwanza alikuwa mwanamume mwenye mshahara wa mwezi. Mwanamke alikuja nyuma, akaikuta imekwisha kupewa sifa za kiume, kisha akaletewa Redd's, yenye utamu wa tufaha, naye akaambiwa kuwa hiyo ndiyo yake.

Siku hizi wapenzi wa bia za viwanda vidogo, za ule uamsho ulioanza Marekani Fritz Maytag alipokinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco mwaka 1965, wamefanya uchungu kuwa uwanja wa mashindano, wakaupima kwa tarakimu na kuiandika tarakimu hiyo penye chupa, kana kwamba anayestahimili zaidi ni mwanamume zaidi. Carol Stoudt, aliyefungua kiwanda chake Pennsylvania mwaka 1987, alipika bia chungu na bia laini, naye hakuuliza jinsia ya uchungu.

Insafu yataka tuseme pia kwamba wataalamu wa ladha, miongoni mwao Linda Bartoshuk, wameona kuwa wenye ndimi zinazohisi uchungu fulani kwa nguvu mno ni wengi zaidi katika wanawake. Sikatai. Illa wanaume wenye ndimi hizo wapo, na wanawake wasio nazo ni wengi, na wastani wa watu elfu haumtabirii mmoja aliyeketi mbele yako. Kwa hiyo, ewe mhudumu, mume na mke wakikaa katika meza yako, usiiweke chupa tamu mbele ya mke na chungu mbele ya mume kabla hujauliza. Uliza kwanza, na umwanze mke.