Siku Unga Ulipokauka Pwani

Disemba 2010 unga ulikauka Pwani, na sisemi unga wa ugali. Heroini iliadimika Mombasa na miji jirani hadi mapema 2011, na mateja wakashikwa na arosto wote kwa wakati mmoja: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Wengine waliituliza kwa tembe na pombe. Hapo ndipo swali la miaka mingi likawa la dharura: hawa watu ni wangapi, na watatibiwa wapi?

Manake heroini haikuwa mgeni. Brown sugar ilivutwa Malindi na Mombasa tangu miaka ya 1980, kisha ikaja ile nyeupe, na sindano nayo. Omari Project ya Malindi ilianza kuhudumia watumiaji katikati ya miaka ya 1990, bila kungoja takwimu za Nairobi.

Kuhesabu ndiko kugumu. NACADA hufanya utafiti wa nyumba kwa nyumba, na kwa pombe au miraa unafaa. Lakini mtafiti akibisha hodi, teja yuko maskani. Na hata akiwepo, nani atakiri mbele ya mamake? Nilisoma takwimu mihula mitatu kabla ya kuacha chuo, na hili sikuhitaji digrii kulielewa: mtu asiyelala ndani humpati kwa kuchagua nyumba vizuri zaidi.

Kuna mbinu nyingine, imetoka kwa wataalamu wa samaki. Unavua, unatia alama, unarudisha majini, unavua tena. Maskani inakuwa hivi: unagawa bangili 100. Wiki ijayo unarudi, unakutana na watu 80, na 20 wanazo. Hao ni robo, kwa hivyo zile 100 nazo ni kama robo ya wote. Watu 400 hivi. Bora tu wasiwe wameuziana bangili!

Kufikia 2012 NASCOP, kitengo cha serikali cha Ukimwi, kilikuwa na makadirio ya nchi nzima: watu zaidi ya 18,000 wanaojidunga, wengi wao Pwani na Nairobi. Soma tena neno hilo, wanaojidunga. Waliokuwa wakivuta unga hawamo, kwa sababu hofu iliyokuwa ikiongoza hesabu ilikuwa virusi vinavyosafiri kwa sindano. Arosto ya mwaka ule haikuuliza nani anavuta na nani anadunga.

Methadoni ilianza kutolewa Mathari Disemba 2014, Malindi ikafuata 2015. Dawa hii mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na hapo hesabu inageuka tena: si mateja wangapi wako kaunti nzima, bali wangapi wana nauli ya kwenda na kurudi leo, kesho na mtondo. Halafu wako wanawake, ambao wengi hutumia wakiwa wamejifungia ndani kwa kuogopa majirani. Maskani hawapo, na mlango ukibishwa hawafungui.